Kupangua Gia kwa Sikio

Mke wa mjomba alinifuata shambani asubuhi moja nikiwa nang'oa tangawizi, akaketi juu ya gunia kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Hiyo peke yake ilinitisha. Kwetu juu salamu haikatwi katikati, na yeye ndiye aliyekuwa akitufinya masikio utotoni tukisahau shikamoo. Nikaacha jembe nikamsogelea.

"Mguu wa kushoto wa mjomba wako umekufa," akasema.

Nikauliza amevunjika wapi. Akasema hajavunjika popote. Jana yake alimwekea maji ya kukanda miguu, akasahau kuyapooza. Mjomba akatumbukiza miguu yote miwili. Wa kulia akauchomoa palepale akilalamika kwamba anataka kuunguzwa, wa kushoto akauacha humohumo kwenye beseni, anaendelea na habari zake za kwaya. Mkewe ndiye aliyeutoa kwa mikono yake, ngozi imeshababuka. Mwenye mguu hana habari.

"Ni sukari," akasema. "Miaka yote alikuwa nayo. Sasa imefika miguuni."

Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Mjomba alikuwa dereva wa lori la kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi, dereva pekee, na kila wiki ya msimu alishusha mzigo kutoka huku juu Upareni hadi Same. Barabara yetu ya kushuka, upande mmoja ni mwamba na upande wa pili hakuna kitu. Unaona tambarare yote kule chini, hadi vumbi la ng'ombe wa kijiji cha Kisiwani. Nikasema basi amwambie aache kuendesha.

"Nimwambie mimi? Wewe mjomba wako humjui?"

Nilimjua. Ungemwambia mguu wako ni mbovu, angepanda lori dakika hiyohiyo akuonyeshe ubovu uko wapi, tena kwa mwendo. Mkewe alikuwa ameshalifikiria jambo zima. Nimwombe anifundishe. Leseni ya magari makubwa nilikuwa nayo tayari, niliisomea kule chini Same nilipokuwa naendesha gari la duka la vifaa vya ujenzi. Nimwombe kwa adabu, nijue kazi, aniachie kiti mwenyewe bila kuaibishwa na mtu. Ila nifanye haraka, maana msimu unaanza na yeye ataendesha. "Na asijue kwamba nimekwambia," akasema, akainuka, akaondoka.

Nikaenda. Mjomba alinisikiliza huku akichokonoa meno, akacheka kidogo, akasema wanawake wa siku hizi mna mambo. Lakini alifurahi, nilimwona. Akaweka sharti. Siku nitakayoshusha lori limejaa, kuanzia kanisani mpaka njia panda ya Kisiwani, yeye amekaa tu upande wa abiria, hajagusa kitu, siku hiyo ufunguo ni wangu. "Na ukishindwa," akasema, "naendesha mimi mpaka nife."

Alisema kwa utani. Mimi nilikosa usingizi kwa neno hilo.

Sasa, mimi nilijidanganya kwamba kuendesha najua. Gari la duka lilikuwa dogo. Unakanyaga klachi, unasukuma, gia inaingia hata kama akili umeiacha nyumbani. Lori la kikundi lilikuwa la zamani na halikuwa na huruma hiyo. Kupangua gia, tuseme kutoka tatu kwenda mbili, unakanyaga klachi, unaitoa tatu, inabaki fri, yaani haipo kwenye gia yoyote. Unaachia klachi. Unakanyaga mafuta ili injini ipande mpaka ilingane na mwendo wa magurudumu. Unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza mbili. Klachi mara mbili kwa gia moja. Ukikosea kiasi cha mafuta, meno yanasagana, gia inakataa, na wewe bado uko fri. Fri kwenye mteremko wetu, na tani saba mgongoni, maana yake gari sasa linakwenda linakotaka lenyewe.

Kiasi cha mafuta utakijuaje? Mshale wa kuonyesha mzunguko wa injini ulikufa zamani na hakuna aliyeutengeneza. Mjomba alisema sihitaji mshale, nina masikio. Yeye ni besi. Ameimba kwaya ya usharika tangu hajaoa, na nusu ya akina mama wa kwaya ya sasa aliwafundisha noti yeye mwenyewe, ubaoni, kwa fimbo. Basi na lori alilifundisha hivyohivyo.

"Akiwa amepumzika yuko do," akasema. Injini kwake ilikuwa mtu. "Akipanda akafika so, panga gia inayofuata. Ukiwa unapangua, uko fri, mkanyagie mafuta mpaka aimbe so, hapohapo ingiza. Si fa. Si la. So." Akaiimba ile so kwa sauti yake nzito mpaka mbuzi waliokuwa uwanjani wakanyanyua vichwa.

Mimi kwaya nilitolewa darasa la sita. Nikamkumbusha.

"Walikutoa kwa sababu ya mdomo, si kwa sababu ya sikio," akasema. "Washa gari."

Tulifanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi, watoto wakishatoka. Wiki ya kwanza nilisaga gia mpaka majirani wakawa wananiuliza kama nimemaliza kusaga, walete mahindi yao. Mjomba hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Toa macho kwenye gia, haitakimbia. Usiishike kama unakamua ng'ombe. Fa hiyo, nimesema so, wewe mtoto umezaliwa kanisani kweli? Na mimi subira sikujaliwa, nalijua hilo, nilikuwa namjibu. Lakini taratibu sikio likafunguka. Nikawa naisikia injini ikipanda, naisikia inapokaribia, na nikiingiza palepale gia inaingia laini bila kelele. Raha yake siwezi kuielezea.

Kitu kimoja hakunifundisha. Nilimuuliza siku moja, mguuni mtu anasikiaje klachi ikianza kushika? Maana chuoni Same walituambia mguu ndio unaoanza kujua. Mjomba akageukia dirishani.

"Achana na miguu," akasema. "Miguu inadanganya."

Niliumia, maana nilijua anachokificha na yeye hajui kwamba najua, na tulikuwa tumekaa karibu mno ndani ya kabini ile kwa uongo wa namna hiyo.

Halafu tukagombana. Ilikuwa jioni ya wiki ya tatu, nimekosea gia ileile mara nne, akanipiga kwa rula kwenye vifundo vya vidole. Mimi ni mtu mzima, nina watoto. Nikazima gari katikati ya uwanja, nikashuka, nikamwambia atafute mtoto mwingine wa kumchapa. Nikashika njia ya nyumbani, hata sikugeuka.

Nilikuwa sijafika mbali niliposikia ameliwasha. Akaingiza moja, likaondoka. Kisha nikasikia gia ikilia. Meno matupu, sauti mbaya ambayo nilikuwa nimeizoea kwa sababu ilikuwa yangu. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Mjomba wangu, ambaye watu walimsifu kwamba anapanga gia na mtoto aliyelala kabini haamki. Nikasimama njiani nikasikiliza mpaka likazimika lenyewe.

Nikarudi. Alikuwa amekaa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele. Nikafungua mlango, nikamwambia, "Sogea, mjomba." Akasogea. Nikaliendesha mpaka nyumbani, na kesho yake rula haikuonekana tena.

Siku ya kushusha ilifika Ijumaa. Lori lilijaa magunia ya tangawizi mpaka juu, turubai limefungwa, mimi nimekagua magurudumu mara mbili. Tukasimama kanisani kama sharti lilivyosema. Pale nje wamesimama akina mama wa kwaya kama kumi na tano, na sare zao, na mabegi. Walikuwa na tamasha Same. Gari walilokodi lilikuwa halijatokea.

Ni kosa kupakia watu juu ya mzigo, najua, hakuna haja ya mtu kuniambia. Nilimwambia mjomba mimi mwenyewe. "Leo hapana. Mzigo sawa, watu hapana."

"Hawa ni kwaya yangu," akasema. "Wewe kama unaogopa shuka, niwapeleke mimi."

Na alikuwa ameshaweka mkono kwenye kitasa cha mlango wangu. Nilimtazama usoni nikaona hatanii. Nikikataa, atapanda yeye, na mguu ule, na akina mama kumi na tano mgongoni. Nikiendesha, ni mimi, ambaye sijawahi kushuka na mzigo hata siku moja. Nilikuwa na hasira naye. Nikasema wapande.

Wakapanda wakicheka. Mmoja akainama dirishani kwangu. "Dereva, usituue, Jumamosi ijayo namwoza binti yangu." Nikamwambia ashike kamba vizuri.

Mwanzo wa mteremko niliingia na tatu, na hapo ndipo nilipokosea. Ilitakiwa niingie na mbili tangu juu. Lori likawa linanisukuma, mimi najibu kwa breki, nakanyaga, naachia, nakanyaga. Kona ya kwanza, ya pili. Harufu ya breki kuungua ikaingia kabini. Mshale wa upepo, ule unaoonyesha nguvu ya breki iliyobaki, ukaanza kushuka. Mjomba aliutazama, akanitazama, mikono akaiacha mapajani. Sharti lake.

Baada ya kona ya tatu njia inainama vibaya, na mbele yake kuna kona kali ambayo lazima uifikie ukiwa kwenye mbili. Nikajiambia, sasa. Nikakanyaga klachi, nikatoa tatu. Fri. Nikaachia klachi, mguu wa kulia ukaenda kwenye mafuta, nikatega sikio niisubiri so.

Akina mama wakaanza kuimba.

Kwetu kwaya haisafiri kimya. Kwaya ikikaa kimya ndani ya gari watu wa njiani wanauliza nani amefariki. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa, hakuna aliyewaza, mimi sikuwaza, mjomba mwenye kwaya hakuwaza. Sauti zote zikashuka juu ya kabini kwa mpigo mmoja, na wale waliokaa mbele wakawa wanapiga ngoma kwa viganja juu ya paa letu. Injini ikapotea. Nilikuwa nakanyaga mafuta na sisikii chochote isipokuwa alto.

Nikajaribu kubahatisha. Meno yakasagana, gia ikanirudishia mkono. Nikajaribu tena, ikakataa. Lori sasa lilikuwa limeongeza mwendo, nikakanyaga breki, ikashika nusu, ikazama. Ule upande usio na kitu ulikuwa kushoto kwangu, upande wa mjomba.

Mjomba akavunja sharti. Akakunja ngumi akagonga paa kwa nguvu zake zote, anapiga kelele kwa Chasu, Kipare chetu, wanyamaze. Juu wakasikia ngumi ya mwalimu wao inapiga mapigo. Wakafurahi. Wakaongeza sauti, na mmoja akapiga kigelegele.

Niliogopa kiasi ambacho sijawahi kuogopa tena. Niliwaza watoto wangu, nikamwaza yule mama mwenye harusi. Nikataka kumwambia mjomba achukue usukani, neno likafika mdomoni, na hapohapo nikakumbuka kwamba hakuna wa kuuchukua. Ni mimi tu.

Nikaacha kusikiliza. Nikauegemeza mti wa gia mlangoni mwa mbili, taratibu, bila kuulazimisha, kiganja kimefunguka. Mguu wa kushoto nikauweka juu ya klachi bila kuikanyaga. Mtetemo ukaja, mkononi na unyayoni, mnene, wenye kukwaruza. Nikaongeza mafuta. Ukawa mwembamba. Nikaongeza tena, ukawa mwembamba zaidi, halafu kwa sekunde moja ukatulia kabisa, mkononi na mguuni kwa pamoja. Nikakanyaga klachi kidogo, nikasukuma. Ikaingia.

Injini ikanguruma, lori likajizuia kwa ghafla, juu wakaangukiana na wimbo ukakatika. Mtu akaita jina la Yesu. Kona kali tukaikata taratibu, upande wa nje nikaona majani yaliyo chini yake mpaka nikatazama kwingine. Kuanzia hapo sikutoka kwenye mbili na breki sikuigusa ila kidogo sana. Akina mama hawakuimba tena. Nililia njia nzima iliyobaki, kamasi zinatoka, mikono haina nafasi ya kufuta.

Njia panda ya Kisiwani nikasimama pembeni, nikavuta hendibreki, nikazima. Jua la saa saba lilikuwa linachoma. Akina mama wakashuka wakaweka mawe nyuma ya magurudumu bila kuambiwa, wengine wakaja kunishika mikono dirishani. Nikamwambia mjomba, "Umegonga paa. Nimeshindwa."

"Paa si gia," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliingizaje? Hukuwa unasikia."

"Nilihisi mkononi. Na mguuni."

Akafungua mlango akashuka, akaanza kuzunguka lori akikagua magurudumu kama afanyavyo siku zote, nami nikashuka upande wangu nikamfuata. Tukiwa nyuma ya lori, yule mama mwenye harusi akamwambia, "Mwalimu, kiatu umekiacha wapi?"

Mjomba akatazama mguu wa kulia. Ulikuwa na kiatu. Ndipo akatazama wa kushoto. Alikuwa amekanyaga changarawe ya moto, mguu mtupu, kidole gumba kimechanika na damu imechanganyika na vumbi. Amezunguka nusu ya lori hivyo.

Akina mama wakacheka, wakasema mwalimu ameruka mpaka kiatu kikabaki. Naye akacheka nao. Nilirudi kabini nikakikuta kiatu kimebanwa chini kabisa, kwenye chuma, mahali ambapo klachi ingekuwa kama klachi ingekuwa upande ule. Alikuwa amekanyaga pamoja nami.

Nilipokileta alikuwa ameketi juu ya jiwe, upande wa kivuli, mbali kidogo na wenzake. Nikachuchumaa nikaanza kuufuta ule mguu kwa kanga yangu. Akaniacha. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na hakuuomba.

"Unajua," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaanza kunifundisha."

Akatikisa kichwa polepole. "Msimu uliopita," akasema, "kona ileile. Nakanyaga klachi, gia inalia tu. Nakanyaga, inalia. Nikatazama chini, mguu uko pembeni, umekanyaga chuma. Sijui ulikuwa pale tangu saa ngapi."

"Ulikuwa na nani?"

Akainua kidevu kuwaelekeza akina mama, waliokuwa wanagawana maji ya kunywa. "Haohao."

Nilimkasirikia mpaka macho yakaniuma. Msimu mzima alijua, akaendelea kupanda, na leo tena akaweka mkono kwenye mlango wangu. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtu hamwambii mjomba wake. Nikamtazama, na alikuwa anautazama ule mguu mikononi mwangu kama wa mtu mwingine. Nikamvalisha kiatu, nikafunga kamba.

"Inabana?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema.